Kutoka Mbulu Hadi Hanang: Mtoto Anayetaka Urubani

Ndugu msomaji, twende pamoja safari fupi. Tutoke Mbulu mjini asubuhi, tupite Dongobesh, tufike Haydom, kisha tushike njia ya Basotu mpaka Katesh, chini ya mlima Hanang. Hatuendi kutazama nchi tu. Katika vijiji vya njia hii wako vijana, wavulana kwa wasichana, wanaosema nyumbani: "Baba, nataka kuwa rubani." Na wako wazazi wanaolitazama zizi la ng'ombe na kuhesabu kimoyomoyo. Safari hii ni kwa ajili yao.

Nchi ya Mbulu ni ya juu na ya baridi. Mashariki ardhi inakatika ghafula kwenye ukuta wa Bonde la Ufa. Magharibi inashuka mpaka bonde la Yaeda, makazi ya Wahadzabe, na mbele yake liko Ziwa Eyasi. Mvua ikinyesha kwa nguvu, njia hugeuka matope, na mgonjwa wa kijiji cha mbali hubaki akingoja. Ndiyo maana watu wa huku huijua ndege kama chombo cha msaada, si cha anasa.

Fika Haydom uone. Hospitali yake ilianzishwa mwaka 1955 na Walutheri wa Norway, na karibu nayo pana kiwanja kidogo cha ndege. Kwa miaka mingi wametua hapo marubani wa MAF, shirika la Kikristo lililoanza kazi Tanzania mwaka 1977, wakiwachukua wauguzi na chanjo kuwapeleka kwenye kliniki za mbali. Sisi Wakatoliki nasi tunao mfano: Padre Pat Patten wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyekuwa padre na rubani pia, aliongoza kwa miaka mingi huduma ya ndege za wagonjwa kutoka Arusha. Basi mtoto anayeitamani kazi hii hatamani upuuzi. Msimcheke.

Lakini kutamani ni jambo moja, kujua ni jingine. Nchi yetu yenyewe inafundisha ugumu wa kazi hii. Mahali palipo juu hewa ni nyepesi. Bawa hupata hewa kidogo ya kulibeba, na injini ya kawaida ya ndege ndogo hupungukiwa karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000. Katika futi 5,500, karibu sehemu moja ya sita ya nguvu imekwisha potea. Jua la saa nane mchana likizidisha joto, hewa huwa nyepesi zaidi, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kwa hiyo rubani mwenye akili huondoka asubuhi, hupima mzigo, na hukataa kupakia gunia la ziada hata akibembelezwa na rafiki.

Sasa tumepita Basotu, penye mashamba makubwa ya ngano yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada katika malisho ya Wabarbaig. Mbele yetu ni Hanang, mlima wenye zaidi ya mita 3,400. Upepo ukiupiga upande mmoja, upande wa pili hewa hushuka kwa nguvu na kuisukuma ndege chini. Aliye chini haoni kitu, lakini rubani asiyejua huingia hatarini. Na mlima huu una nguvu nyingine: tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope yalishuka Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Nchi ya namna hii haitaki rubani wa kubahatisha.

Je, rubani hufundishwaje? Kampuni ya mafunzo huuza mambo mawili. La kwanza ni darasa: hali ya hewa, ramani na njia, sheria za anga, injini, uzito wa mzigo, na kusema kwa redio. La pili ni saa za kuruka. Kanuni za kimataifa hudai saa 40 kwa leseni ya kwanza, ambayo hairuhusu kulipwa mshahara. Leseni ya biashara hudai saa 200, au 150 kama mwanafunzi amefuata masomo yote katika shule iliyothibitishwa, na umri usiopungua miaka 18. Ndani ya saa hizo imo safari ya kilomita 540 ambayo mwanafunzi ndiye mkuu wa ndege, akitua katika viwanja viwili tofauti.

Hapo ndipo fedha huishia. Ndege ndogo ya mafunzo hunywa petroli ya ndege lita 30 na zaidi kwa saa moja. Zidisha kwa saa 200: ni lita zaidi ya 6,000, kabla ya kumlipa mwalimu, matengenezo na bima.

Wapi wanafundisha? Uganda iko shule ya Soroti, iliyoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Nairobi, katika uwanja wa Wilson, ziko shule kadhaa za binafsi. Kwetu, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kimepata fedha za Benki ya Dunia kukuza mafunzo ya anga.

Baba na mama, kabla hamjauza hata ndama, fanyeni haya. Kwanza, mpelekeni mtoto kwa daktari aliyeidhinishwa kupima marubani. Macho, masikio, moyo, na kutambua rangi, vyote hupimwa. Miwani pekee si kizuizi, lakini yako maradhi yanayozuia, na ni heri kuyajua leo kuliko baada ya kulipa ada. Pili, ulizeni Mamlaka ya Usafiri wa Anga kama shule hiyo imethibitishwa, na kama leseni ya nchi nyingine itakubaliwa hapa. Tatu, ulizeni shule ina ndege ngapi zinazoruka sasa, si zilizo kwenye picha. Ndege moja ikiharibika, mwanafunzi hukaa bure huku kodi ya chumba ikiendelea. Nne, msilipe ada yote kwa mara moja. Lipeni kwa sehemu, na kila saa aliyoruka iandikwe katika kitabu chake. Kuuliza si ujinga.

Tena jueni kwamba mwenye saa 200 bado ni mchanga. Cheo cha juu kabisa cha leseni hudai saa 1,500, na kazi ya kwanza huenda ikachelewa. Familia iliyouza zizi zima haina cha kungojea nacho. Afadhali mtoto akazanie hesabu, fizikia na Kiingereza shuleni, atafute ufadhili, na akumbuke kwamba ndege haiendeshwi na rubani peke yake. Yuko fundi wa injini, yuko mwongoza ndege, yuko mpima hali ya hewa. Hao nao wanahitajika, na mafunzo yao hayanywi petroli.

Wala tusiwavunje moyo watoto wetu. Mtoto aliyekulia Mbulu amekwisha jifunza kusoma mawingu, kuamka mapema na kujua njia isiyopitika. Hiyo ni nusu ya busara ya rubani. Nusu ya pili hununuliwa kwa fedha nyingi. Basi inunuliwe kwa macho yaliyo wazi, na zizi lisibaki tupu bure.