Mikono ya Mchua Misuli

Jumamosi iliyopita, katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi mjini Tabora, mchua misuli wa timu moja ya mpira alinionyesha fomu ya ufadhili wa masomo. Inadai shahada. Yeye ana darasa la saba, na mikono inayoujua mwili kuliko vitabu vyangu.

Makocha angalau wana mfuko wa Olympic Solidarity. Na walio nyuma ya kocha? Mji huu uliwatoa wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo; lakini makumbusho ya Kwihara yana jina la Livingstone, ambaye hata maiti yake ilibebwa na wapagazi.

Sharti lile la shahada tulilipitisha kwenye kamati, nami nikiwemo, bila kuuliza neno. Aliniomba niwe mdhamini wake. Nilitia saini, nikanyamaza.