Jina Si Ushahidi

Wahenga wetu walikuwa na adabu yao ya kuficha na kufichua. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira ikaitikia "Tega!", kisha fumbo likatolewa. Hadhira ikishindwa, mtegaji hadai fedha wala mbuzi, hudai mji. Hupewa Mombasa, au Kisumu, akaukubali au akaukataa, na ni baada ya kuridhika tu ndipo hulifumbua fumbo lake. Utaratibu huu hufundishwa katika kila kozi ya fasihi simulizi. Lililo nadra kutajwa ni kwamba mtegaji hubeba dhima nzito kuliko mteguaji. Sharti fumbo lake liweze kuteguliwa kwa yale aliyoyatoa mwenyewe, wala si kwa yale ambayo hadhira ilikuja nayo kutoka nyumbani.

Dhima hiyo ndiyo iliyomwelemea katibu wa chama kimoja cha wanafunzi wa Kiswahili katika eneo la Nakuru, miaka michache iliyopita, alipoombwa kuandaa burudani ya kufunga muhula. Wanachama walikuwa wamechoshwa na ngonjera na mijadala ya kila mwaka. Katibu akapendekeza mchezo wa kumsaka muuaji. Katika mchezo huu hakuna jukwaa wala mswada wa kukariri. Kila mshiriki hupewa kadi inayomweleza yeye ni nani, anajua nini, anaficha nini, na alikuwa wapi marehemu alipofikwa na mauti. Mmoja miongoni mwao ndiye muuaji. Washiriki huhojiana kwa muda wa saa mbili hivi, huku mwendeshaji akitoa dalili mpya baada ya kila awamu, na mwishowe kila mmoja humtaja anayemshuku.

Michezo ya aina hii ilienea Ulaya pamoja na riwaya za upelelezi. Mwingereza Anthony Pratt, aliyekuwa mkazi wa Birmingham, alibuni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mchezo wa ubaoni wa kumtafuta muuaji ndani ya jumba moja kubwa, nao ukaingia sokoni mwaka 1949 kwa jina la Cluedo. Katibu aliufuata mkondo huo bila kujiuliza maswali mengi. Alihitaji jumba, na jumba lilikuwa karibu. Huko Ngata, kati ya Nakuru na Njoro, lingali lipo kasri la Lord Maurice Egerton, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1938 na kukamilika mwaka 1954. Basi mauaji ya kubuni yakatokea katika kasri la kubuni lililofanana na lile, na wageni wanane wakafungiwa humo na mvua.

Kosa halikuwa katika kasri. Kosa lilikuwa katika majina. Katibu, kwa nia njema kabisa, aliwapa wahusika wake majina manane yaliyoteuliwa kwa uangalifu ili kila jamii kubwa ya Bonde la Ufa ipate mwakilishi. Alidhani kwamba hiyo ndiyo haki. Aliketi kwenye kona ya ukumbi mdogo wa kukodi, saa yake mkononi, akasubiri maswali kuhusu ufunguo uliopotea na glasi mbili zilizokutwa mezani.

Maswali hayo hayakuulizwa. Haikupita hata robo saa kabla ya washiriki kuanza kuigiza lafudhi. Yule aliyepewa jina la jamii fulani alidaiwa kuwa anapenda fedha. Mwingine, kwamba watu wake hawasahau deni la ardhi. Wa tatu, kwamba kwao panga halikai bure. Ukumbi ulijaa kicheko. Dalili ya pili ilipotolewa hakuna aliyeisikiliza, na kura zilipopigwa, sita kati ya wanane walimtaja mtu mmoja, ambaye hakuwa muuaji. Walipotakiwa kueleza sababu, mmoja alijibu kwa mzaha kwamba jina lenyewe lilitosha.

Mmoja wao hakucheka. Alikuwa msichana wa mwaka wa nne, mpole, ambaye katika mchezo ule alikuwa amepewa kadi ya mpishi. Wenzake walipokuwa wakipiga picha, yeye alikusanya vikombe vya chai na kuvipanga kwenye sinia. Katibu alipomsogelea kumshukuru, alisema kwa sauti ya chini, "Ndugu Katibu, hukutega kitendawili leo. Ulitupa jibu kabla ya fumbo."

Kisha akamweleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu yeyote chamani. Mwezi wa Januari mwaka 2008 alikuwa na umri wa miaka saba. Familia yao ilitoka nyumbani usiku, na gari walilolipanda likasimamishwa njiani na vijana waliokuwa wameweka mawe barabarani. Vijana wale hawakuuliza waliokuwa garini wametenda nini. Waliomba vitambulisho, wakasoma majina. Baba yake hakuendelea na safari ile. Yeye, mama yake na nduguye waliishi kwa miezi kadhaa ndani ya hema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru, pamoja na maelfu ya waliofurushwa.

Msomaji anaijua historia hiyo. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu katika ripoti yake ya mwaka 2008 vifo 1,133 nchini kote kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, na Nakuru na Naivasha zilikuwa miongoni mwa miji iliyotokwa na damu nyingi katika wiki ya mwisho ya Januari. Hata hivyo, takwimu hazisemi kila kitu. Hazisemi kwamba katika kizuizi cha barabarani jina la mtu lilikuwa mashtaka, ushahidi na hukumu kwa wakati mmoja. Katibu, bila kukusudia, alikuwa amewapa vijana wanane kizuizi kingine, wakakisimamia wakicheka.

Hakulala mapema usiku ule. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuuacha mchezo kabisa, arudi kwenye ngonjera ambazo hazimdhuru mtu. La pili lilikuwa kwamba kuuacha kungekuwa kukubali kwamba vijana wa Nakuru hawawezi kumtafuta mkosaji isipokuwa kwa ukoo wake. Akaamua kutega upya.

Safari hii hakutafuta kielelezo Birmingham. Alikirudia kitabu alichokisoma kwa ajili ya mtihani tu: Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Wahakiki wamesema mengi kuhusu athari ya Sherlock Holmes kwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko anayeandamana na rafiki yake Najum. Katibu alivutiwa na jambo jingine. Katika riwaya hiyo watu wanauogopa mzimu, na woga huo unawafunga macho, ilhali Bwana Msa anauliza maswali ya kawaida kuhusu watu wa kawaida. Adui wa mpelelezi si muuaji peke yake, bali pia lile ambalo kila mtu amekwisha kuliamini.

Mwanachama mmoja alipopata habari kwamba mchezo unaandikwa upya, alipendekeza utumie kifo cha kweli. Alimtaja Padri John Kaiser, aliyekutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha mwezi wa Agosti mwaka 2000. Wapelelezi wa Marekani walisema alijiua, na mahakama ya uchunguzi nchini Kenya ikaamua mwaka 2007 kwamba aliuawa. Katibu alikataa. Alisema kwamba kifo ambacho waliofiwa bado wanakidai haki hakiwezi kugeuzwa kuwa burudani ya jioni. Mtegaji asiye na jibu, aliongeza, hana haki ya kudai mji.

Mchezo mpya ulifanyika katika kituo cha kubuni cha kukusanyia maziwa, juu kuelekea Mau Narok, ambako baridi na ukungu si mapambo ya hadithi. Mvua imeharibu barabara, na watu wanane wamelala kituoni. Asubuhi mweka hazina wa chama cha ushirika anakutwa amekufa ndani ya chumba cha kupozea maziwa. Wahusika hawakupewa majina. Walikuwa Mwenyekiti, Karani, Mpima Maziwa, Dereva, Muuza Chai, Daktari wa Mifugo, Mlinzi, na Mjane aliyekuja kudai malipo ya marehemu mumewe. Kanuni zilikuwa tatu. Ya kwanza, muuaji peke yake ndiye anayeruhusiwa kusema uongo; wengine wanaweza kunyamaza, lakini wakiulizwa waziwazi hujibu kweli. Ya pili, dalili mpya husomwa kwa sauti na kurudiwa na mtu mwingine kabla ya mahojiano kuendelea. Ya tatu, asiyetaja ushahidi wa aina mbili haruhusiwi kumshtaki mtu.

Msichana yule alikubali kuja, akapewa kadi ya Mlinzi.

Kwa muda wa nusu saa mambo yalikwenda vyema. Palikuwa na daftari la maziwa lililochanwa ukurasa mmoja. Palikuwa na laktometa, kile kipimo kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji, iliyokutwa imevunjika chini ya meza. Palikuwa na funguo mbili za chumba: moja kwa Mlinzi, nyingine katika saraka ya ofisi. Ghafla Dereva akasimama na kumnyoshea Mlinzi kidole. "Ushahidi wa kwanza, ufunguo anao," alisema. "Wa pili, sote tunawajua walinzi. Mshahara mdogo, usiku mrefu."

Wachache waliangua kicheko. Katibu alihisi moyo ukimwenda mbio. Majina yalikuwa yameondolewa, na chuki imepata mlango mwingine: kazi ya mtu. Aibu iliyomshika haikuwa ya Dereva peke yake. Alipokuwa akiandika kadi, yeye mwenyewe alikuwa amempa Mlinzi ufunguo ili awe chambo, kwa kuwa alijua kwamba kila mtu angemshuku maskini kwanza. Alitaraji kwamba wangemshuku, maana hata yeye angemshuku.

Aliinuka ili kuingilia kati. Msichana akamtangulia. Hakukasirika. Alisema, "Huo wa pili si ushahidi. Hiyo ni habari yako wewe, si yangu. Niulize nilikuwa wapi."

Kimya kilitanda, kisha Dereva, kwa haya kidogo, akauliza, "Haya, Mlinzi, ulikuwa wapi?"

Swali hilo ndilo lililoufungua mchezo. Mlinzi alijibu kwamba umeme ulipokatika saa tano usiku alikuwa langoni na Muuza Chai, wakitafuta kiberiti. Muuza Chai alipoulizwa alikiri, akaongeza kwamba muda mfupi baadaye alimuuzia Mwenyekiti mshumaa. Karani, aliyekuwa ameandika kauli zote, alirudi nyuma kwenye karatasi zake: Mwenyekiti alikuwa ameapa kwamba alilala saa tatu, taa zikiwaka, na hakuamka hadi asubuhi. Mtu aliyelala hanunui mshumaa. Daktari wa Mifugo akauliza ukurasa uliochanwa ulikuwa na hesabu za nani. Mpima Maziwa, ambaye kadi yake ilimlazimu kujibu kweli akiulizwa, akainamisha kichwa: zilikuwa hesabu za mitungi ya Mwenyekiti, iliyotiwa maji kwa muda wa miezi mitatu.

Kura zilipopigwa, watano walimtaja Mwenyekiti na watatu wakamtaja Mpima Maziwa. Watatu hao walikosea, lakini kila mmoja alitaja ushahidi wa aina mbili, na ushahidi wao ulijadiliwa kwa heshima hadi ukaanguka wenyewe. Hapo ndipo Katibu alipotambua tofauti kati ya kukosea na kudhulumu. Aliyekosea kwa kufuata dalili anaweza kuonyeshwa dalili nyingine akarudi. Aliyehukumu kwa jina hana pa kurudi, kwa sababu hakuanzia popote.

Ingekuwa kujidanganya kudai kwamba saa mbili za mchezo zinaiponya nchi. Dereva yule huenda bado anawashuku walinzi, na Katibu bado anajichunguza kila anapomuumba mhusika. Hata hivyo, sisi tunaojifunza na kufundisha Kiswahili tuna hazina ya mafumbo iliyojengwa juu ya kanuni moja: uliza kwanza, tegua baadaye. Kanuni hiyo inaweza kuvuka ukurasa wa mtihani ikafanyiwa mazoezi na vijana, ukumbini, kwa kadi nane na chai, kabla hawajakutana na mawe barabarani.

Kabla ya kutawanyika, Katibu aliwakumbusha watatu walioshindwa kwamba mila ni mila. "Nipeni mji," alisema.

Mmoja wao akajibu upesi, "Chukua Nakuru."

Msichana aliyekuwa Mlinzi alikuwa mlangoni akivaa koti. Aligeuka, na kwa mara ya kwanza jioni ile akatabasamu. "Nakuru hautolewi," alisema. "Tafuta mji mwingine."