Kompyuta iliyogoma kuzima, na kosa langu mwenyewe

Najua nimepotea humu ndani karibu miezi miwili. Sijadisko, msianze uzushi. Nilikuwa TP, na safari hii bahati ikaniangukia nikapangiwa nyumbani kabisa, Tunduma.

Kwa ambao hamjafika, Tunduma ndiyo mwisho wa nchi kwa upande wetu. Ukivuka geti uko Nakonde, Zambia. Zamani tulikuwa Mbeya, mwaka 2016 tukamegwa tukawa mkoa wa Songwe, makao makuu Vwawa. Reli ya TAZARA inapita hapo, na malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapanga foleni barabarani mpaka unajiuliza kama yamezaliwa pale. Mwezi wa saba kuna baridi na vumbi kwa pamoja, yaani unatetemeka huku unapiga chafya. Shule niliyopangiwa siitaji jina, maana nataka niwasimulie kisa na sitaki kesi.

Basi bwana, nilipofika na barua yangu mkononi, mkuu wa shule akaona nimeandika kwamba nasoma hesabu na fizikia. Akasema, "Wewe utakuwa unajua kompyuta." Jamani, nani kasema fizikia ni kompyuta? Lakini mgeni hakatai kazi siku ya kwanza. Nikasema ndiyo.

Ofisi ya taaluma kulikuwa na kompyuta moja ya mezani, ya msaada, kongwe, mwalimu aliyeiweka alishahama. Ndani kulikuwa na Linux. Kazi inafanya, kuchapa inachapa, ila ina ugonjwa mmoja: haizimi. Ukibonyeza kuzima, kioo kinakuwa cheusi, yanabaki maandishi meupe machache, halafu basi. Feni inaunguruma, taa ya mbele inawaka. Ukiiacha hivyo mpaka asubuhi utaikuta hivyo hivyo inakula Luku, na mkuu wa shule Luku anaihesabu yuniti kwa yuniti.

Mwalimu wa taaluma ni mama mmoja wa makamo, sisi tunamwita Madam. Siku ya kwanza akaniuliza, "Mwalimu, hii tufanyeje?" Nami, kwa kujiamini kwa mtu aliyewahi kusaidia kuweka Linux kwenye laptop tatu hosteli, nikajibu: "Usijali Madam, ikikataa chomoa tu waya ukutani."

Kumbukeni hilo jibu.

Wiki ya tatu tukafanya mtihani wa kujipima kidato cha pili. Wanafunzi 187, masomo tisa. Madam aliingiza alama zote kwa siku mbili, faili likakaa kwenye flash yake peke yake. Jioni ya siku ya pili akahifadhi, akabonyeza kuzima, kioo kikawa cheusi, akachomoa waya kama mtaalamu alivyomwelekeza. Asubuhi anafungua flash: faili lipo, jina lipo, ndani hamna kitu. Ukubwa wake sifuri.

Nilimkuta amekaa kimya mbele ya kioo, miwani kaivulia mezani. Akasema, "Mwanangu, mimi na hizi mashine hatuivani. Sijui nimebonyeza nini." Nami nikasema pole Madam. Nikaishia hapo. Wadau, nilijua kabisa kilichotokea. Nikanyamaza.

Iko hivi. Linux ukiiambia hifadhi, haikimbilii kuandika kwenye diski muda huo huo. Inaweka kwanza kwenye kumbukumbu yake ya muda, kisha inaandika baadaye kidogo, na kwa kawaida data inaweza kusubiri kama sekunde 30 hivi. Wakati wa kuzima ndipo inamalizia viporo vyote na kufunga diski vizuri. Madam hakuwa anasubiri yale maandishi meupe yatokee, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba yana maana. Kioo kikiwa cheusi tu, anachomoa. Siku zote alikuwa anabahatika, siku hiyo bahati ikaisha. Na aliyemfundisha kuchomoa ni mimi.

Mchana ule nikaamua nianze na mashine, maana mashine haina macho ya kukutazama. Nikaizima, nikasubiri, nikasoma yale maandishi kwa mara ya kwanza badala ya kuyapita: "reboot: System halted". Nikamwita Madam aone. Akasema yeye siku zote alidhani inalalamika kwamba imeharibika. Hapo nikakumbuka kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili kitupu. Kazi nzuri sana ile. Lakini maneno haya ya mwisho yanatoka kwenye kerneli yenyewe, moyo wa mfumo, na kerneli husema Kiingereza tu. Kwa hiyo yalikuwa yanamwambia jambo la maana kila jioni, na yeye anaona kelele.

Maana yake ni: mfumo umesimama. Umesimama, haujazima! Hapo ndipo malori ya kwetu yakanisaidia. Dereva akifika foleni anapiga breki, anashuka, anaenda kunywa chai. Lori limesimama, lakini injini inaunguruma. Kuzima ni hatua nyingine.

Kwenye kompyuta za zamani sana kile kitufe cha mbele kilikuwa swichi kweli, kama ya taa. Mfumo ukimaliza kazi ulikuwa unakuandikia kwamba sasa unaweza kuzima, nawe unazima kwa mkono. Tangu mtindo wa ATX wa mwaka 1995, umeme hukatwa na bodi yenyewe, na mfumo ndio unaoiomba bodi ikate. Lugha ya kuombea inaitwa ACPI, ilitolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Kerneli isipoijua lugha hiyo, inafanya yote inayoweza, inafika mwisho, inasimama. Umeme haiwezi kuukata.

Kwa hiyo maswali yalikuwa mawili. La kwanza, labda amri inayotumika ni halt, ambayo siku hizi husimamisha tu, badala ya poweroff, ambayo husimamisha na kukata umeme. Nikaandika kwa mkono:

sudo poweroff

Nywila ilikuwa imebandikwa chini ya kibodi, msicheke. Matokeo yale yale, System halted. Kumbe amri haina kosa. La pili, labda kerneli imezuiwa kuongea na bodi. Nikaangalia inawashwa na maelekezo gani:

cat /proc/cmdline

Na pale mwishoni kabisa, imekaa kimya kama mwizi: acpi=off. Mtu alipoweka mfumo aliandika hilo neno, labda mashine ilikuwa inaganda wakati wa kuwaka, akapata nafuu, akasahau, akahama. Dawa yake ya siku moja ikawa ugonjwa wa miaka.

Sikulifuta moja kwa moja. Kama ilikuwa inaganda kweli, ningebaki na kompyuta isiyowaka kabisa, na hapo ningetafuta gari la kwenda Nakonde. Niliiwasha huku nimeshikilia Shift ili menyu ya GRUB itokee, nikabonyeza e, nikafuta acpi=off kwenye mstari unaoanza na linux, nikabonyeza F10. Badiliko hilo ni la kuwaka mara moja tu, ukiwasha tena linapotea. Ikawaka vizuri. Nikaizima. Kioo kikawa cheusi, feni ikapunguza sauti, halafu... tik. Kimya. Taa imezimika. Sijawahi kufurahia ukimya kiasi kile.

Ndipo nikafungua /etc/default/grub, nikafuta neno lile, nikahifadhi, nikamalizia na sudo update-grub. Basi. Na kama yako inaandika "Power down" halafu bado inaunguruma, hiyo ni kesi nyingine: kerneli imeomba, bodi ndiyo haijatii. Hapo angalia mipangilio ya BIOS na masasisho.

Mashine ikawa imepona. Mimi bado.

Alama 187 mara masomo tisa zilikuwa zinasubiri kuingizwa upya. Karatasi za alama zilikuwepo kwa walimu wa masomo, ikabidi tuzunguke kuziomba. Siku mbili nikamsomea Madam namba, yeye anaandika, na kila baada ya somo moja tunatunza nakala mbili. Siku ya pili jioni, tuko kwenye jiografia, nikashindwa. Nikamwambia, "Mama, lile faili nililiua mimi. Mimi ndiye niliyekwambia uchomoe. Sikukwambia usubiri kwa sababu nilikuwa sijui, na nilipojua nikaogopa."

Hakuinua macho. Akamaliza mstari, akahifadhi, ndipo akasema, "Nilijua kuna kitu. Toka juzi umeacha kuniita Madam, unaniita mama. Mtoto akianza hivyo ujue ana deni." Halafu akaniuliza namba ya mwanafunzi anayefuata.

Nimekaa vimbwetani hapa chuoni naandika haya huku wenzangu wanagombania madesa ya UE, na nawaza. Miaka mitatu tunafundishwa jinsi ya kumfundisha mtu kitu sahihi. Sikumbuki kipindi hata kimoja cha jinsi ya kurudi kwa uliyemfundisha vibaya. "Chomoa tu" ilinichukua sekunde mbili. Kuirudia kulituchukua siku mbili na nusu.

Siku ya kuaga nilibandika karatasi juu ya ile kompyuta kwa Kiswahili: BONYEZA KUZIMA. SUBIRI TAA IZIMIKE YENYEWE. USICHOMOE WAYA. Madam akachukua kalamu akaongeza chini: "Hata kama mwalimu wa field amekwambia."

Haya wadau, boom likitoka tutaonana. Nawaacha.