Spana Namba Kumi

Ukiwauliza watu wa rika langu kwa nini hawagusi magari yao wenyewe, jibu huwa moja: mimi si fundi. Sawa, hata mimi si fundi. Nilisomea uhasibu, naishi ghorofa ya tatu Kasarani, na kucha zangu huwa na rangi. Lakini huu ni mwaka wa tatu gari letu halijaenda gereji kwa kazi ndogo ndogo, yaani oili, plagi, breki pedi, betri, na nimefikia kuamini kwamba kinachotutenganisha na fundi wa kawaida si akili. Ni sanduku lake. Mnyang'anye soketi na jeki uone kama hatasimama hapo akiitazama injini vile mimi na wewe tunavyoitazama.

Gari lenyewe ni Probox. Cheka umalize. Najua sifa zake, kwamba ni gari la miraa, gari la kubeba abiria kumi na wawili na mbuzi siku ya soko. Letu ni la mwaka wa 2009, injini ni ya lita moja na nusu, na kazi yake kubwa ni Jumanne na Ijumaa. Siku hizo Mama husafishwa damu kwa mashine, na zamu yake huanza saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa anawekwa mwingine, wewe unangoja, na mwili uliojaa maji haujui kungoja. Kwa hivyo kwetu swali la kama gari litawaka si la starehe.

Mambo yalianzia kwa ile taa ya injini. Iliwaka wiki moja gari likawa linatetemeka kila tukisimama kwa foleni, mpaka Mama akasema anahisi kama yuko posho mill. Nikalipeleka gereji moja ambayo sitaitaja. Wakachomeka kompyuta, wakanilipisha 2,500 za kuichomeka tu, kisha kijana akaja na uso wa daktari aliyebeba habari mbaya. Koili zote nne zimeenda, madam, na injini nayo imeanza kuchoka. Bei ya koili nne ilikuwa imezidi kodi yangu ya nyumba. Nikamwambia nitafikiria, nikaondoka na mtetemeko wangu.

Mama akaniambia, "Mpelekee mjomba wako. Kama ni kuibiwa, tuibiwe na mtu wetu."

Mjomba ana kibanda Kariobangi Light Industries. Hakufungua boneti kwanza. Aliuliza inatetemeka ikiwa baridi ama hata ikipata moto, halafu akatoa mfukoni kitu kidogo cheusi, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, akakichomeka chini ya dashibodi upande wa dereva. Magari karibu yote tunayoletewa kutoka Japani siku hizi yana hilo tundu la pini 16. Kile kitu kikaongea na simu yake kwa bluutuuthi, na simu ikaandika P0303.

"Tatu," akasema. "Silinda ya tatu ndiyo haichomi vizuri. Hizo zingine tatu zimekosea nini?"

Kisha akachukua spana namba kumi. Kila koili kwenye injini hii imeshikwa na bolti moja tu ya kumi. Akatoa koili ya silinda ya tatu, akatoa ya kwanza, akazibadilisha nafasi, akafuta ile kodi kwenye simu na kuniambia nizunguke nayo kidogo. Niliporudi simu iliandika P0301.

"Umeona? Ugonjwa umehama na koili. Ungebaki pale pale kwa tatu, ningekuambia ni plagi ama injekta. Kanunue koili moja."

Ilichukua kama dakika ishirini, na nusu yake ilikuwa chai. Lakini kilichonishika si pesa niliyookoa. Mimi ni mhasibu, kazini siruhusiwi kupitisha hata risiti ya mandazi bila ushahidi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote nimekuwa nikilipia magari kwa imani. Fundi anasema, unatoa. Mjomba alinionyesha. Siku iyo hiyo nilinunua kisomaji changu kwa 1,200, na siku hizi nikienda kwa mtu mwingine naenda na kodi yangu kwa simu. Utashangaa bei inavyojua kushuka.

Baada ya hapo vifaa viliingia nyumbani kimoja kimoja, kama vyombo vya bibi harusi. Maltimita, ile ndogo ya manjano, ndiyo naipenda zaidi kwa sababu haina siasa. Kabla ya kuwasha gari unagusisha waya nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi. Ikisoma 12.6 betri imejaa. Ikisoma 12.2 iko nusu, na mimi siwezi kulala nayo hivyo usiku wa Jumatatu. Injini ikinguruma inafaa kupanda mpaka kati ya 13.8 na 14.4. Ikikwama kwa kumi na mbili, usikimbilie kununua betri mpya, oltaneta ndiyo haichaji. Fikiria ni watu wangapi wamebadilisha betri nzima bure kwa kukosa kifaa cha shilingi elfu moja.

Mama naye ana kipimo chake. Mkononi alifanyiwa upasuaji wakaunganisha mishipa ili mashine ipate njia, na kila asubuhi huweka vidole pale kuhisi kama panatetemeka. Panapotetemeka, damu inapita. Basi saa kumi na moja alfajiri kwetu kuna wawili wanaopima, mmoja kitandani na mwingine kwenye parking na tochi mdomoni.

Kuhusu soketi, sitakudanganya: nunua seti moja nzuri kuliko tatu za kung'aa. Nilizunguka Kirinyaga Road Jumamosi nzima, ile barabara ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kwa jina la yule Mwingereza wa safari ya Cape hadi Cairo. Utapata seti ya vipande mia moja kwa bei ya vipande kumi. Ishike kwanza mkononi. Ya chuma laini hujipanua mdomo ikikutana na nati iliyokaza, na ikishajipanua inakula pembe za nati mpaka inabaki mviringo kama simbi. Kwa Probox yangu nahitaji chache mno: kumi kwa betri na koili, kumi na nne kwa bolti ya kumwagia oili, kumi na sita yenye mpira ndani kwa plagi, ishirini na moja kwa magurudumu. Hizo nyingine zimelala kwenye boksi zikipendeza.

Sasa magurudumu. Hapa nina hasira kidogo.

Kuna Ijumaa moja tulipata pancha Thika Road, kabla ya jua kuchomoza. Wiki hiyo nilikuwa nimebadilishiwa tairi mahali fulani, na kijana wa hapo alikaza nati kwa kupanda juu ya spana na kuruka. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, na wateja tunafurahi, tunasema huyu anajua kazi. Kiwango cha nati hizi kwa Toyota yangu ni 103 za Newton mita. Maana yake ni nini? Chukua chuma cha urefu wa mita moja, ning'iniza paketi tano za unga za kilo mbili mbili kwenye ncha, umefika karibu hapo. Basi. Mtu wa kilo 80 akisimama kwenye ncha ya spana ya nusu mita anaweka karibu 400, na hajaruka bado.

Ile spana ndogo iliyokuja na gari haikutikisa hata nati moja. Mama alikaa ndani amejifunika shuka, hasemi kitu, na Mama akinyamaza ndipo unajua hali ni mbaya. Waliotuokoa ni vijana watatu wa boda waliochomoa bomba la chuma mahali, wakalivisha kwenye mpini wa spana, wakaning'inia wote. Tulifika tumechelewa dakika hamsini. Muuguzi alimwangalia Mama miguu iliyovimba, akaniangalia mimi, akasema tungojee nje.

Wiki iliyofuata nilinunua toki renchi kwa 5,500, spana ya kupima nguvu. Unazungusha mpini mpaka namba unayotaka, unavuta, na ikifika inatoa sauti ya tak. Hapo unaacha. Sasa nikitoka kwa watu wa tairi nafungua nati zote nne za kila gurudumu hapo hapo kwenye parking, nakaza upya mwenyewe. Keateka wetu anadhani nina ugonjwa.

Kifaa ambacho Mama alikidai kabla ya vyote ni stendi. Mjomba anachechemea. Nilikua nikidhani amezaliwa hivyo, mpaka nilipotaka kuingia chini ya gari mara ya kwanza Mama akanishika mkono. Miaka ya tisini alikuwa chini ya matatu, imeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa mawe. Jeki ya maji hushikiliwa na oili iliyofungiwa na mpira mdogo ndani, na mpira ukizeeka jeki hushuka, pole pole ama mara moja. Hiyo ilishuka mara moja. Mawe yakapasuka. Nyonga yake iliunganishwa ikakaa vibaya.

"Jeki ni ya kuinua," Mjomba husema. "Ikishainua, kazi yake imeisha." Stendi mbili za tani tatu zilinigharimu 4,000. Hazina ujanja wowote, miguu mitatu ya chuma na meno ya kushikilia urefu, na Mama huzikagua mwenyewe kabla sijaingia. Anazipiga teke. Kisha anausukuma mlango wa gari kwa bega aone kama linayumba. Akiridhika anakaa kwenye kiti chake cha plastiki na kunishikia tochi kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ndio wenye mishipa na haufai kubeba uzito.

Mtoto yeyote aliyewahi kumshikia babake tochi anajua maumivu yake: mulika hapa, si hapo, unamulika nini? Sasa namwambia Mama hayo hayo. Juzi tulibadilisha oili, lita tatu nukta saba pamoja na filta, nikapaka oili mpya kwenye mpira wa filta na kuikaza kwa mkono tu. Tochi ilikuwa inazurura.

"Mama, mulika bolti."

"Namulika uso wako. Nataka nikuone."

Nikakaza bolti kwa kupapasa. Ile oili chafu nilimpelekea Mjomba kwenye mtungi. Kuna seremala jirani yake huichukua kupaka nguzo za ua dhidi ya mchwa, na keateka akiiona kwenye mtaro wa ploti tutahama sote. Mjomba aliuliza kama nilikumbuka kurudisha kifuniko cha juu, akauliza Mama alikula nini, kisha akaniomba spana namba kumi. Yake imepotea. Yangu ni ya nne kununua, na nilimwambia ataitumia nikiwa nimesimama hapo hapo.