Gari Yangu, Gari Langu

Nilipomaliza mwaka wa kwanza chuoni nilirudi nyumbani Bwera nikiwa na mdomo mrefu. Wafanyabiashara wawili kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, walikuwa wamekuja kununua maharage kwa baba. Baba akawaambia, "Gari yangu inakataa kuwaka, ningewaletea mzigo mpaka mpakani." Nikamkatiza palepale: "Baba, si gari yangu inakataa. Ni gari langu linakataa." Wageni wakacheka. Baba naye akacheka kidogo, kisha akatazama chini.

Tangu siku hiyo hakuzungumza nami Kiswahili tena. Alinisemesha Kikonzo tu. Hakunigombeza wala hakulalamika. Kwa mtu aliyejifunza Kiswahili barabarani, akiendesha gari kati ya Kasese, Mpondwe na Beni, jibu lake lilikuwa hilo.

Gari lenyewe ni pikapu ya Peugeot 504 iliyoachwa na babu. Watu wa rika la baba huikumbuka 504 kwa mashindano ya Safari Rally, ambayo ilishinda mwaka 1975 na 1978. Kwetu ilibeba kahawa na maharage. Nilipokuwa darasa la nne ilichemsha maji, gasketi ya hedi ikaungua, ikasukumwa hadi kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Desemba kabla ya mwaka wangu wa mwisho, baba aliamua kuiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu ili nilipe karo. Mtu mmoja wa Kasese mjini akasema kwamba ikiwaka na kutembea, yeye atatoa mara tatu ya bei hiyo. Baba akaniambia, kwa Kikonzo, nitafute nguo kuukuu.

Watu wakisikia Kasese hufikiria joto, na ni kweli, kule mjini bondeni jua huchoma. Ikweta yenyewe inapita katika wilaya yetu. Lakini nyumba yetu iko kilimani, na alfajiri upepo hushuka kutoka Rwenzori, ambako kileleni kuna theluji. Tulianza kazi saa kumi na mbili asubuhi. Umande ulidondoka kutoka kwenye mabati ukaniingia shingoni, na spana zilikuwa baridi kiasi cha kuuma vidole. Niliomba tuingize sigiri yenye makaa. Baba alinionyesha dumu la petroli kwa kidole, basi.

Hapo ndipo nilipojua umaskini wangu. Nilikuwa najua ngeli zote, lakini mle bandani sikujua jina la chochote. Kikonzo nacho hakikutusaidia, kwa sababu kabureta, plagi na klachi tulivipata pamoja na magari, kwa majina ya gereji. Kwa siku mbili baba alinionyesha vitu kwa kidole. Siku ya tatu alikuwa chini ya gari, mikono yote miwili imeshika bomba la ekzosi, akapiga kelele: "Leta spana ya kumi na tatu! Haraka, hii nati inaanguka!"

Nikampelekea ya kumi na nne. Akaitazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka nati ikaanguka kweli.

"Na hii inaitwaje?" nikamwuliza baadaye, nikiwa nimeshika kipande cha chuma.

"Wewe si ndiye mwalimu?"

"Nifundishe, baba."

Akanifundisha. Injini ilikuwa imeshikana, kwa hiyo tulimimina oili kidogo katika matundu ya plagi, tukaiacha usiku mzima, kisha tukaizungusha kwa mkono polepole hadi pistoni zikaachia. Tuliosha kutu kwenye tangi, tukasugua pointi kwa msasa, tukafungua kabureta na kuipanga vipande vipande juu ya gunia. Alinionyesha kwamba bolti za hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, kwa kurudiarudia, la sivyo hedi itapinda na gasketi mpya itaungua tena.

Gasketi hiyo hatukuipata Kasese. Baba alimpigia simu rafiki yake wa zamani huko Butembo. Nilisimama nikisikiliza. Akiongea na Mkongo, plagi iligeuka kuwa bujii, na majina mengine yote yakageuka Kifaransa, huku sentensi zikibaki Kiswahili. Walitaniana, wakabishana bei, wakaulizana habari za watoto. Kiswahili kiliingia katika Katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Kufikia wakati huo baba alikuwa amekula kwacho miaka mingi. Mimi, pamoja na alama zangu nzuri za sarufi, nisingeweza kununua hata plagi moja kwenye simu ile.

Siku ya kumi na tisa baba alivuta choki, kwa sababu injini baridi hutaka petroli nyingi zaidi kuliko kawaida, akawasha. Ikakohoa. Akawasha tena. Mara ya tano ikanguruma, moshi ukajaa bandani, kuku wakakimbia. Tulitoka nje tukikohoa na kushikana mikono kama wageni.

Wiki iliyofuata tuliipeleka Kasese kupitia njia panda ya Kikorongo. Njia nzima baba alinisimulia, kwa Kiswahili, kona aliyowahi kupasukia tairi na mahali alipolala na mzigo siku tatu. Mnunuzi alihesabu pesa, baba akazihesabu tena, kisha akanikabidhi mimi. Kabla ya kutoa ufunguo aligusa boneti.

"Hii gari yangu imesomesha watu," alisema.

Sikuwa na la kusahihisha.