Maji Yanayoshuka Kebirigo

Gari letu lilikuwa matatu kabla ya kuwa nyumba. Ni Toyota Hiace iliyong'olewa viti, ikatiwa kitanda, jiko la gesi, sinki na tangi la lita 100. Ubavuni fundi alitoboa matundu mawili: la kwanza la kujazia tangi, la pili la kuunganishia mpira kutoka mfereji wa mwenyeji, maji yafike sinki bila pampu. Hilo la pili ndilo nililokuwa naliwazia tulipopita Chebilat na barabara ikaanza kupanda na kushuka katikati ya chai na migomba.

Gusii, tulikokuwa tunaingia, haina kiu ya mvua. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 1,500, na miezi mikavu ni michache. Hata hivyo Keroka, mji uliokalia mpaka wa Kisii na Nyamira hata kaunti hizo mbili zikauvutania, tulikuta mikokoteni imesheheni mitungi ya manjano, vijana wakiuza maji mlango kwa mlango. Kwenye mifereji mingi ya mjini maji huja kwa zamu.

Mbele kidogo, kando ya barabara, palikuwa na chemchemi iliyojengewa ukuta wa saruji na kutolewa bomba. Maji yalikuwa maangavu. Shemeji yangu akashuka na mpira mkononi.

"Tujaze hapa, haya yametoka ardhini."

Nikamwonyesha mlima nyuma ya ukuta: nyumba, zizi, choo cha shimo, nyumba nyingine, choo kingine. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na maji yanayozama juu lazima yatokee chini. Ukuta wa saruji husaidia, tena sana. Utafiti wa Michael Kremer na wenzake katika chemchemi za Busia, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kuijengea chemchemi hupunguza vijidudu vya kinyesi kwa thuluthi mbili pale pale panapotekwa. Nyumbani, ndani ya mtungi, nafuu ilishuka hadi kama robo. Uchafu mwingi ulikuwa unaingia njiani. Kwa gari kama letu, njia hiyo ni mpira.

Kisii mjini tukaingia duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji alitutandazia mpira wa kijani wa kumwagilia bustani, ule unaonuka plastiki ukipata jua. Huo sinywei. Tulichukua mweupe uliosokotwa nyuzi ndani, uliopigwa chapa ya kufaa kwa vyakula, pamoja na valvu ya njia moja, kipunguza shinikizo na geji. Shemeji alilalamikia bei ya kipunguza shinikizo mpaka tulipokaribia Kebirigo.

Mwenyeji wetu huko ni mwalimu mstaafu, na kijiji kizima humwita Mwalimu, hata mkewe. Boma lake liko ubavuni mwa mlima. Juu kabisa kuna tangi la kijiji. Pampu ya sola huyapandisha maji kutoka chemchemi ya bondeni, kisha yanajishukia yenyewe hadi kwenye mifereji ya watu.

"Mwalimu, tangi liko juu kiasi gani?"

"Ukipanda utahema mara mbili," akasema. "Mita hamsini, sitini hivi."

Hesabu yake si ngumu: kila mita kumi za kimo huleta karibu baa moja ya shinikizo. Tukaifunga geji mferejini. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye 5.5. Mabomba ya gari letu, viungo vyake vya plastiki vikiwa vya kubana kwa mkono, sitaki yapite 3. Na shinikizo hilo halionekani maji yakiwa yanatiririka. Hutimia mfereji wa ndani unapofungwa. Ndiyo maana mabomba hupasuka usiku, kijiji kikiwa kimelala na hakuna anayeteka. Kipunguza shinikizo tulikifunga mferejini kwenyewe, si kwenye gari, ili mpira nao ukingwe. Shemeji hakuitaja bei tena.

Lakini kilichonishtua hakikuwa geji. Karibu na mfereji huo palikuwa na zizi la ng'ombe wawili wa maziwa, na mpira wa Mwalimu ulikuwa umetumbukizwa ndani ya ndoo ya dawa ya kupe, unajaza. Maji yakikatika juu na jirani wa bondeni akafungua wake, bomba hunyonya. Dawa itapanda mpira, iingie bombani, imfikie jirani sufuriani. Chicago mwaka 1933, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, mabomba ya hoteli mbili yaliruhusu maji machafu yachanganyike na ya kunywa kwa namna kama hiyo. Watu wapatao 1,400 waliugua kuhara kwa amiba, na 98 wakafa.

Nilimweleza Mwalimu polepole, maana mgeni hamfundishi mwenye boma kwa sauti kubwa. Alisikiliza, akautoa mpira ndooni, akauning'iniza juu ya ukingo.

"Sasa unapumua," akasema.

Tukaunganisha kwa utaratibu. Mfereji uliachwa umwage kwanza, kwa sababu maji yanaporudi baada ya kukatika husukuma hewa na tope jekundu mbele yake. Mdomo wa mfereji ukapanguswa kwa Jiki. Kisha valvu ya njia moja, kipunguza shinikizo, mpira. Tangi tulikuwa tumeliosha kabla ya safari: mililita 150 za Jiki ya asilimia 3.5 isiyo na manukato katika lita 100, likalala hivyo usiku kucha, likasuuzwa mpaka harufu ikaisha. Maji ya Mwalimu tuliyojazia tangi, yakiwa maangavu, tuliyatia kijiko kimoja cha chai cha Jiki hiyo kwa tangi zima na kungoja nusu saa.

Kisha tukaufungua mpira, tukauziba ncha zote mbili. Wapo wanaolala wameunganishwa. Mimi naona tundu lile la pili ni la mchana tu, mtu akiwa macho. Usiku tangi na pampu ya gari vinatosha, na kiungo kikiachia utapoteza lita 100, si tangi la kijiji.

Asubuhi Mwalimu alipanda gari letu hadi Nyamira mjini kutafuta valvu yake. Duka la kwanza lilikuwa na ya nusu inchi. Bomba lake ni la robo tatu.

"Niuzie na kiunganishi," akamwambia kijana wa dukani. "Na nipe risiti, nitaipeleka kwenye kamati ya maji. Tuko nyumba nyingi kwenye bomba hilo."