Ufunguo Uko kwa Nani?

Mtu akiniuliza kazi yangu hasa ni nini, humwomba anionyeshe meseji ya LUKU kwenye simu yake. Zile tarakimu ishirini anazobonyeza kwenye mita ya umeme zimebeba fungu la biti 64 lililosimbwa kwa ufunguo wa mita yake, pamoja na biti mbili zinazotaja aina ya tokeni. Jumla ni biti 66, na ukiziandika kwa tarakimu za kawaida unapata ishirini kamili. Mita ya jirani haiambulii kitu humo, maana ufunguo wake ni mwingine. Mfumo huo unaitwa STS, na asili yake ni Afrika Kusini. Kila tokeni ya umeme hubeba pia muda wa kutengenezwa kwake, uliohesabiwa kwa dakika tangu 1993 ndani ya biti 24, na nafasi hiyo ilikuwa inajaa Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule watu wa Tanzania na Kenya walitumiwa namba za ziada za kuingiza kabla ya zile za umeme: zilikuwa zinaibadilishia mita ufunguo. Bibi ambaye hajawahi kugusa kompyuta alibadilisha ufunguo wa siri kwa kidole chake, hapo hapo ukutani. Jambo hilo hunifurahisha sana.

Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo, ila ninachokifunga ni kumbukumbu za watu. Nilianzia Dar es Salaam, nikiandika programu kwa lugha ya PHP kwa ajili ya saccos, zahanati na shule binafsi. Enzi hizo aliyetaka kusimba data kwa PHP alitumia laibrari ya mcrypt. Humo alikuta majina mengi ya kuchagua. Kulikuwa na DES ya mwaka 1977, ambayo ufunguo wake wa biti 56 ulikuwa umeshavunjwa mwaka 1998 kwa mashine ya shirika la EFF la Marekani, kwa muda wa siku mbili na ushei. Kulikuwa na Blowfish ya Bruce Schneier, iliyopendwa kwa kuwa haikuwa na hataza wala malipo. Na kulikuwa na Rijndael, kazi ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ambayo mwaka 2001 Marekani iliipitisha kuwa AES. Mwandishi wa programu anachagua jina, anaita amri moja, anapata herufi zisizosomeka, anahesabu kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kazi inapoanza.

Saccos moja iliniita kwa sababu seva yao ilikuwa inahamishiwa PHP mpya. Aliyewaandikia programu alikuwa ameshahama nchi. Nilipofungua kanzidata yao nikakuta safu ya sababu za mikopo imejaa maandishi ya herufi 44, kila moja ikiishia na alama ya sawasawa. Herufi 44 za base64, namna ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida, ni baiti 32. AES hufanya kazi kwa mafungu ya baiti 16, kwa hiyo neno fupi kama “matibabu” lilipaswa kutoa herufi 24 tu. Nikajua kabla ya kusoma msimbo kwamba aliyetutangulia alichagua kile ambacho mcrypt ilikiita RIJNDAEL_256. Wengi waliamini 256 ile ni ukubwa wa ufunguo, kama ilivyo kwa AES-256. Sivyo. Ni ukubwa wa fungu, na fungu la AES halijawahi kuzidi biti 128. OpenSSL, laibrari ambayo ndiyo PHP mpya inaitegemea, haina kabisa Rijndael ya fungu la biti 256. Kilichofungwa kule kisingefunguka huku.

Nikaendelea kuitazama safu ile, nikaona la kutisha zaidi. Maandishi yale yale yalikuwa yanajirudia. Lipo moja lililotokea hapa na pale mwaka mzima, kisha likafurika Januari. Sikuwa na ufunguo mkononi, lakini kwa mtu anayeishi Tanzania hilo halihitaji ufunguo: ni ada ya shule. Kwa njia hiyo hiyo ungeweza kutambua nani amekopa kwa sababu moja na nani, na ukishaijua ya mmoja umezijua za wenzake wote. Huo ndio mtindo wa ECB, ambao husimba kila fungu peke yake bila kulichanganya na lolote, hivyo neno moja hutoa jibu moja daima. Mwaka 2013 data za wateja wa Adobe zilipovuja, nywila zilikuwa zimesimbwa kwa mtindo huo, na watu walizibashiri nyingi kwa kulinganisha zinazofanana na vidokezo ambavyo wateja wenyewe walikuwa wameviandika. Hakuna aliyeivunja hesabu ya usimbaji wenyewe.

Muda nao ulikuwa unabana. PHP 7.1, iliyotoka Desemba 2016, ilitangaza kwamba mcrypt inaachwa, na 7.2, ya mwaka uliofuata, ikaiondoa. Laibrari iliyokuwa chini yake haikuwa imetunzwa tangu 2007, kwa hiyo uamuzi ule naona ulikuwa wa haki. Bahati nzuri, 7.1 hiyo hiyo ndiyo iliyoleta kwenye openssl_encrypt uwezo wa GCM, mtindo wa kusimba unaogundua pia data iliyochezewa. Toleo moja tu la PHP lilikuwa daraja lenye mguu kila ng'ambo, na juu yake ndipo nilipofanyia kazi yote. Nikaifungua kila rekodi kwa mcrypt, nikaondoa baiti za sifuri ambazo mcrypt hujazia mwisho wa fungu, kisha nikaifunga upya kwa AES-256-GCM, kila moja na baiti zake 12 mpya za kubahatisha kutoka random_bytes, ili neno moja lisitoe tena jibu moja. Kwenye maandishi kuondoa sifuri hakuna shida. Kwenye picha za sahihi za wanachama, ambazo nazo zilikuwa zimesimbwa, ilibidi niwe makini, maana picha yaweza kuishia na sifuri iliyo yake halali. Hizo nikazipima urefu kwa kusoma faili lenyewe. Namba ya mwanachama nikaiingiza kama data ya nyongeza, ili mtu akihamisha rekodi ya Asha kwenda mstari wa Juma, GCM ikatae kuifungua.

Nilipokwenda kukabidhi, mweka hazina, mama wa makamo aliyeanza na daftari za mkono, alinisikiliza mpaka mwisho.

“Marahaba mwanangu, nimekuelewa. Sasa ukipatwa na ajali barabarani, vitabu vyetu atavifungua nani?”

Sijapata kuulizwa swali zuri kuliko hilo na mtaalamu yeyote. Ufunguo wa zamani ulikuwa umeandikwa ndani ya msimbo, ambako kila aliyepewa nakala ya programu alipewa na ufunguo. Ule mpya ulikuwa kwenye faili la seva ambalo programu peke yake inaruhusiwa kulisoma, lakini seva huungua. Biti 256 zikiandikwa kwa heksadesimali ni herufi 64. Tulizigawa mbele ya bodi: 32 kwenye bahasha ya mwenyekiti, 32 kwenye bahasha ya mama, zikatiwa lakiri na kuwekwa mahali tofauti. Mwenye nusu moja bado ana biti 128 za kubahatisha, na hizo hakuna mashine duniani inayoziweza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, saccos nyingi zilihaha kutafuta pa kuanzia. Saccos ya mama huyu ilikuwa tayari na kumbukumbu za kikao kile na saini zake.

Na kila rekodi niliitangulizia baiti moja inayotaja toleo la ufunguo. Mwenyekiti alipobadilika, bodi iliamua ufunguo nao ubadilike. Kijana wao wa kompyuta alizalisha mpya, rekodi zikaanza kuandikwa na 2 mbele, zile za 1 zikaendelea kufunguka kama kawaida huku skripti ikizihamisha usiku. Mimi nilipata habari baadaye, kazi ikiwa imeshakamilika, bahasha mpya zimeshatiwa lakiri.